Kichwa Kiko Ng'ambo

Panya wa Likoni hawana adabu. Chini yetu kuna mama anayeuza viazi karai na bajia, makombo yamejaa uchochoroni bure kabisa, na wao wanayaruka hayo yote wanapanda ngazi kuja kula waya za seva. Nilipofungua kifuniko asubuhi ile nikakuta waya zimetafunwa, kinyesi kimeachwa juu yake, nilitukana. Nilitukana kwa Kigiriama maana Kiswahili hakikunitosha, mpaka Hassan meneja akachungulia mlangoni kuniuliza kama nina mgeni.

Mimi ni Jumwa, fundi wa mitambo wa redio yetu ndogo hapa Likoni. Fundi wa mitambo maana yake ni mimi ninayepanda mlingoti, ninayezibua sinki, na ninayetengeneza simu ya mke wa Hassan kila akiitumbukiza kwenye ndoo. Seva pia ni yangu. Na ndani ya seva hiyo, kwenye diski nne, ndimo alimokaa Bi Mwanarehema.

Simaanishi mwili wake. Mwili wake mnene ulikuwa umekaa pale pale studio, kwenye kiti chake, unaniangalia ninavyotukana. Namaanisha sauti. Bi Mwanarehema aliendesha kipindi cha Kikaango miaka na miaka, kila asubuhi, na akakaanga kweli kweli: waume wenye nyumba za pembeni, mawifi, mama wakwe, maimamu wavivu, wachungaji wa suti za kung'aa. Mtu alikuwa akisikia jina la mtaa wake linatajwa, chai inampalia. Mimi mwenyewe alinikaanga mara tatu hewani, na mara zote nilikuwa nimemtengenezea maikrofoni saa hiyo hiyo.

Halafu akaugua koo. Madaktari wakamtoa kile kitu cha kooni kinachotoa sauti, wakamwachia uhai na kitundu shingoni anachokifunika kwa mtandio. Tangu siku hiyo midomo inatembea lakini hakitoki kitu ila pumzi. Ila kipindi hakikusimama. Kila asubuhi alikuja, akakaa, akanionyesha kwa kidole rekodi ya zamani ya kurusha, nami nikairusha. Wasikilizaji wengi hawakujua lolote. Mtaani alikuwa akipita na mtandio wake na mkono kifuani, anaitikia salamu kwa kichwa, watu wakadhani ameota majivuno. Hakuna aliyeshangaa.

Nilimwambia Hassan zamani tununue diski nyingine tuweke nakala ya rekodi zote mahali pengine. Akaniambia Mungu ndiye mhifadhi. Haya. Mungu alihifadhi panya.

Sasa seva haikuona diski hata moja, na Hassan alikuwa na mawazo yake. Wazo la kwanza, tuunge waya kwa selotepu. La pili, tuchukue waya nyekundu aliyoachiwa na jamaa wa kamera za ulinzi, kwa kuwa rangi inalingana na nembo ya redio. Nilimwomba aende akanywe chai. La tatu hakunieleza mimi, alilieleza mlangoni kwa simu: kama mambo hayajatengemaa kufikia Ijumaa, kipindi atapewa Kamau, kijana wa bara mwenye Sheng na kicheko kikubwa, na hiyo seva kuukuu itauzwa kwa wa vyuma chakavu. Bi Mwanarehema alisikia. Koo ndilo lililotolewa, masikio hayakuguswa.

Akachukua kijiko chake akagonga glasi, tiii. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuniita siku hizo. Nikaitikia abee. Akaonyesha seva, akajionyesha shingo, akaniangalia. Hakuna aliyehitaji kunitafsiria. Mahali pengine popote duniani sauti ile haikuwapo.

Basi nisikilize, maana kwenye kuchagua waya ndipo watu wanapoharibu. Waya ya seva yetu haifanani kichwa na mkia. Upande mmoja ina kichwa kimoja kinene, upande wa pili imechanua mikia minne myembamba. Kwenye seva nyingi kichwa kinene huchomekwa kwenye mazabodi, yaani ule ubao mkubwa wenye akili, na kila mkia ukaenda kwenye diski yake. Yetu ni kinyume. Mazabodi yetu ina matundu manne madogo, na diski zetu zimekaa pamoja kwenye kizimba chenye tundu moja nene mgongoni. Kwa hiyo mikia inakaa kwenye mazabodi, kichwa kwenye diski.

Sasa, waya ya aina ya kwanza na waya ya aina ya pili kwa macho ni mapacha. Unaweza kuzilaza pamoja mezani ukazikodolea mpaka Idi. Tofauti iko ndani, zilivyosukwa: upande upi unasema na upande upi unasikiliza. Ukichomeka isiyo yake, hakuna moshi, hakuna cheche, hakuna kitakachoungua. Ni kwamba kila mtu anaongea na hakuna anayesikiliza, kama kikao cha harusi.

Muuzaji ninayemwamini ni Faki, yuko mjini kisiwani, ndani ya kichochoro kinachonuka karafuu na mkojo wa paka. Faki ana aina zote mbili, na zote hazina maandishi, ila yeye mwenyewe anazipima na kuzijua. Maneno ya Kizungu ya kwenye maboksi hatuyaamini, mimi wala yeye, kwa vile wanaobandika lebo wanabandika wanavyojisikia. Tuna lugha yetu. Mazabodi tunaiita Likoni, diski tunaziita mjini, kwa sababu habari zinatoka kwenye mazabodi kwenda kwenye diski kama watu wa kwetu wanavyovuka asubuhi kwenda kazini. Nikifika dukani nasema kichwa kiko ng'ambo huku nanyoosha kidole upande kichwa kinapokaa, na hatujawahi kukosana.

Safari hii sikuweza kwenda. Hewani nilikuwa naendesha redio nzima kwa simu yangu, nyimbo na matangazo, na Hassan akigusa kitu tungerusha kilio cha mwanawe aliyekuja naye kazini. Nikampigia Faki kwa simu ya Hassan. Nikamwambia nataka ile fupi, isiyozidi mkono mmoja, maana ikiwa ndefu nitalazimika kuikunja na waya hizi ukizikunja kona kali zinakufa ndani kwa ndani. Iwe na kifungo cha chuma, feni zetu zinatetemesha kila kitu. Akasema amenielewa. Nikamalizia, "Na kichwa kiko ng'ambo."

"Kichwa kiko ng'ambo?" akauliza.

"Ng'ambo."

Akasema inshallah, na adhuhuri mtu wa pikipiki akavuka nayo.

Niliifanya kazi ile kwa heshima ambayo sijawahi kumpa binadamu. Nilifagia uchafu wa panya, nikafuta kila tundu kwa spiriti na mswaki mpya, maana hewa ya chumvi ya huku inakula chuma hata ukiwa umelala. Mikia minne nikaitia alama kwa rangi ya kucha, mmoja nyekundu, mmoja zambarau, na kadhalika, nikaichomeka kila mmoja pahali pake. Waya nikaipitisha pembeni, mbali na feni, nikaifunga kwa kitambaa laini bila kuibana. Kichwa nikakisukuma kwenye kizimba mpaka kikalia ta. Halafu nikawasha.

Feni zikapiga kelele. Kioo kikawaka. Diski: hakuna.

Nikazima, nikachomoa, nikachomeka. Hakuna. Nikafuta tena. Nikapuliza. Nikaomba kwa jina la Yesu, nikaona haisaidii nikamwomba Hassan ajaribu upande wake, akajaribu, hakuna. Kisha akanyoosha mikono akaisomea seva Inna lillahi, huyu mtu, mbele ya mwenye sauti. Nilitamani nimchomeke yeye mahali.

Bi Mwanarehema alikuwa kimya, na siku hizo kimya chake kilikuwa na sura nyingi. Kwa kuwa hasemi, alikuwa amerudia ile desturi ya bibi zetu ya kuzungumza kwa leso. Ukimkera leo, kesho anakuja na jina lako limeandikwa pajani. Siku ile alikuwa amevaa iliyoandikwa Mdhaniaye ndiye siye. Nilidhani ananisimanga mimi, au Hassan, au Kamau. Sikuisoma kwa akili.

Nikadhani panya alipotafuna alipiga shoti, diski zikaungua zote. Nikamgeukia, nikamwambia uso kwa uso, maana angejua nikimzunguka. Nikamwambia, "Bi Mwanarehema, nadhani zimekufa."

Akafungua kinywa. Pumzi ikatoka shingoni, mtandio ukapepea. Machozi yakateremka na hakuna sauti iliyofuata, wala kwikwi. Nimekulia Junda, msiba kwetu ni ngoma na vilio usiku kucha, nilidhani nimeona kila aina ya kulia. Hii ilinitisha. Nikamshika mkono nikamsindikiza nyumbani, njia ya kwenda Shelly, polepole.

Kufika kwake tukakuta matanga.

Haki ya Mungu, matanga. Kumbe Likoni nzima ilikuwa imekosa sauti yake tangu asubuhi, mtu akauliza, mwingine akajibu asilolijua, wa tatu akaongeza chumvi, na kufikia alasiri ile Bi Mwanarehema alikuwa ameshafariki kwa presha. Wanawake wamejaa barazani kwake, mikeka imetandikwa, sukari na mchele vimeletwa, na mmoja mnene mwenye sauti ya king'ora alikuwa anaeleza marehemu alivyokuwa mtu wa watu. Huyo ndiye aliyetuona kwanza. Alikatiza sifa katikati akaruka mkeka, akajifungia chooni. Wengine wakapiga kelele, bibi mmoja akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa kasi ambayo hata malaika hawaifuati.

Nikapayuka kwamba yuko hai, nyinyi watu, hebu tulieni, yuko hai. Bi Mwanarehema akanyanyua mikono yote miwili kuwaonyesha. Midomo ikaenda, ikaenda, namjua, alikuwa anawatusi mmoja mmoja kwa majina. Hawakusikia kitu.

Basi Bi Jalila, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mtu mzima na mpole, akasogea akamshika bega. Akasema, "Kama ni wewe, dada yangu, sema neno moja tu tusikie."

Pale ndipo ilipoharibika. Wakamwangalia akijaribu. Wakauona mtandio unapepea pasipo upepo, mmoja akaelewa, akamnong'oneza mwenzake, na nikaona habari ile inapita barazani uso hadi uso. Halafu wakaanza kumlilia upya, yeye mwenyewe akiwa amesimama mbele yao. Maskini weee, walisema, maskini, Mwanarehema na ulimi wake ule. Walimhurumia, na kuhurumiwa ndiko alikokukimbia muda wote huo. Akaingia ndani, akafunga mlango, akatia komeo. Nikabisha, hakufungua. Nikagonga kwa ufunguo kama anavyogonga glasi, hakujibu.

Nikarudi redioni nikiwa na hasira ya kumwua mtu, na mtu aliyekuwa karibu na simu ni Faki. Nikampigia kumpa zake. Nikamwambia ameniuzia maiti ya waya. Akaniapia wallahi waya ile kaipima kwa mkono wake, nzima kabisa, na ni ile ile niliyoitaka.

"Nilitaka kichwa kiko ng'ambo," nikasema.

"Na nimekupa kichwa kiko ng'ambo. Kichwa Likoni, mikia mjini."

"Faki. Ng'ambo ni kwenu."

"Ng'ambo ni kwenu," akasema, taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuvaa kiatu. "Mimi niko mjini. Ng'ambo ni huko."

Nikamwambia tangu nizaliwe, mtu akitoka Likoni kwenda kisiwani anasema naenda ng'ambo. Akaniambia tangu azaliwe babu yake, wao wakivuka kuja huku kwa watu wa minazi ndio wanakwenda ng'ambo. Nikamwambia ng'ambo ni ng'ambo ya maji. Akasema maji yana pande mbili. Tukabishana kweli, tukaingiza mababu na Wareno, mpaka nikasikia ninachokisema nikanyamaza. Yaani miaka yote hiyo tulikuwa tunaelewana kwa sababu ya kidole changu. Neno lenyewe tulikuwa tumelishika kila mtu na upande wake, na waya niliyonayo ilikuwa ile ya kila mtu kuongea na hakuna wa kusikiliza. Diski hazikufa. Zilikuwa zinasubiri kusemeshwa.

"Nakuja mwenyewe," nikamwambia. "Usiguse kitu."

Hassan nikamwachia redio, liwalo na liwe. Nikavuka, nikamkuta Faki ameshazilaza mbili mezani, nikanyoosha kidole chini, mjini pale pale, bila kusema hata salamu, akanipa. Ndipo nikamwamkia. Akacheka peke yake.

Niliporudi jua lilikuwa bado lipo, na hewani mwanawe Hassan alikuwa anahesabu moja mpaka kumi. Nikachomoa ile pacha mwongo, nikapitisha nyingine pembeni kwa njia ile ile, rangi ya kucha kwa rangi ya kucha, kifungo cha chuma kikalia ta. Nikawasha. Taa ya kwanza ikawaka kijani. Ikaja ya pili. Ya tatu ikafikiri kidogo, ikaja. Ya nne nikaifuata mpaka karibu pua iguse kizimba, nikaitukana kwa upendo, ikaja.

Sikuchagua rekodi. Nilibonyeza iliyokuwa juu na kuirusha hewani vile vile, na Bi Mwanarehema akaangukia Likoni kwa sauti yake yote, "Amkeni, nyinyi mliolala na wasio wenu!" jioni ile watu wakipalilia wali. Chini yetu mama wa viazi karai akapiga kigelegele. Hassan akalia machozi, kisha akaniuliza kama bado tunaweza kumwuzia wa vyuma chakavu ile waya ya kwanza.

Mimi nikabaki naangalia ngazi. Redio iko kwa Bi Jalila, ukuta kwa ukuta, na yule hajawahi kuizima. Nilijua Bi Mwanarehema atasikia. Nisichokijua ni kama atafungua komeo, maana sasa mtaa wote ulikuwa umejua, na kila neno la rekodi lingekuja na maskini weee nyuma yake. Nikasubiri. Nikafuta meza iliyokwisha kufutwa.

Akaja. Alipanda ngazi ameshika ukuta, mtandio ameutupa begani, shingo wazi, kitundu wazi, na nyuma yake barabarani nikaona wanawake wa matanga wamemfuata wote na mfuko wa sukari. Hakuwageukia. Nikamwamkia shikamoo, akanipita, akakaa kwenye kiti changu, si chake, akavaa hedifoni, akashika kipanya akaanza kufungua rekodi mwenyewe. Alifungua, akasikiliza kidogo, akafunga. Akafungua nyingine. Nikamwuliza anatafuta nini, akanipungia mkono ninyamaze. Nikamwambia nitamtafutia mimi, ni kazi yangu. Akanipiga kofi mkononi.

Alikaa vile mpaka nikaanza kukasirika. Nimevuka maji, nimetukana rafiki, nimemfufulia sauti, na mtu hata kunitazama hanitazami. Nilikuwa nakunja vifaa vyangu niondoke zangu aliponishika blauzi kwa nyuma akanivuta. Akachomoa waya ya hedifoni, chumba kikasikia.

Ilikuwa rekodi ya zamani sana, anaongea na kijana fulani aliyepiga simu, wala simkumbuki. Sauti yake ilikuwa nene, na ilikuwa imepoa, kama watu wawili wamebaki jikoni.

"Ahsante, mwanangu. Mungu akulipe kwa mikono yako hiyo. Lakini hasira zako, wallahi, ungetoka tumboni mwangu ningekurudisha."

Hapo akaisimamisha. Nikamwambia angeweza kuikata kabla ya ile lakini.

Akatikisa kichwa. Akairudisha nyuma, akaniwekea tena yote toka mwanzo, na akaongeza sauti.